Sentensi za Papa Timothée

Kisangani, 11 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Jeancy,

Natumaini ujumbe huu unakukuta na afya, na kwamba kifua chako kimeizoea baridi ya Arusha uliyonilalamikia Desemba. Sisi hapa ni wazima kwa kadiri yetu. Upepo wa wiki iliyopita umeondoa bati la jikoni kwa jirani, si kwetu. Mkono wa kuume wa Papa unafanya kazi. Tangu kile kiharusi cha mwaka jana vidole vimerudi vyote, na mwandiko wake ubaoni ni uleule, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mbele ya bendera. Kilichobaki nyuma ni kumbukumbu ya vitu vidogo. Huweka miwani ndani ya sufuria, kisha hutulaumu sisi tunaopika.

Unajua kwamba kila Jumamosi bado anawapokea mafinaliste, wale wa mwaka wa mwisho wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali. Anawapa zoezi lilelile la siku zote: sentensi ya Kiingereza yenye pengo, kitenzi kimewekwa pembeni, na mwanafunzi achague neno na wakati unaofaa. Sentensi anazitunga mwenyewe kila asubuhi, akisimama mbele ya ubao wa sebuleni. Mimi, niliye mwalimu wa Kiingereza kama yeye, nazipiga kwenye kompyuta na kuzitoa nakala. Ni mimi pia, kwa agizo lake, ninayezipiga picha na kukutumia.

Kuna jambo nimeliona humo, nami nitalieleza taratibu ili usidhani naandika kwa hasira. Katika sentensi hizo zote kuna mtu mmoja tu. Jeancy huenda mtoni kila asubuhi. Jeancy amepoteza viatu. Jeancy alikuwa akisoma mvua iliponyesha. Kesho jioni Jeancy atakuwa amefika. Hakuna wakati wa kitenzi ambao Papa hajakupitisha. Umevuka mto, umeshinda mtihani, umeugua malaria ukapona, umeoa kwa sharti moja na ungalioa kwa sharti jingine. Mimi simo. Simo hata katika kauli ya kutendwa, ambako mtu huwekwa mwishoni na anaweza kuondolewa bila sentensi kuharibika.

Jana msichana mmoja, Gracia, aliniuliza mbele ya wenzake: « Madame, huyu Jeancy njo nani? Anafanyaka kila kitu. Hata lituma alipika. »

Wakacheka, maana hawajawahi kumwona mwanamume akiponda ndizi za lituma. Nikamjibu kwamba Jeancy ni mtoto wa Prof, maana ndivyo wanavyomwita Papa.

« Ah bon. Na Prof iko na batoto wangapi? »

Nikajifanya kupanga karatasi.

Mimi ndiye ninayemkata kucha, Jeancy. Mimi ndiye ninayejua ni upande gani wa mdomo anatafunia. Shule ya misheni ya Bafwasende inatafuta tena mwalimu wa Kiingereza wa trimestre ya mwisho, miezi ile ya baada ya Pasaka; wameniuliza, na nimekataa tena kwa sababu yake. Sikuombi urudi. Nakuomba jambo dogo: ukizungumza naye, mwambie aandike jina langu. Sentensi moja inatosha, na wakati wowote wa kitenzi utafaa. Siwezi kumwomba mwenyewe. Jambo la namna hii likiombwa na mhusika huwa limekwisha kupoteza thamani.

Nakuombea kazi njema, kama dada mkubwa anavyopaswa.

Yaya yako,
Lydie


Arusha, 25 Februari 2024

Yaya Lydie,

Shikamoo ya huku na mbote ya nyumbani. Pole kwa kazi, pole kwa sufuria yenye miwani. Mimi mzima. Kifua kimepona, koo ndilo limechoka, maana wiki nzima nimekuwa kibandani nikitafsiri mkutano wa watu wa mazao, na wajumbe wetu wa Kifaransa wanaongea kama wanafukuzwa. Uniambie jirani amepata bati jingine au bado anapika na anga.

Nimemwambia Papa. Nilizunguka kwanza, nikauliza shamba la Isangi, nikauliza samaki wanauzwaje, halafu nikasema: « Papa, mbona kila siku ni miye tu? Weka hata yaya. » Akacheka mpaka simu ikakohoa. Akanijibu: « Petit, anza kurekebisha ya pili. Uliikosa. »

Na kweli nilikuwa nimeikosa. Sentensi ilikuwa na neno la « tangu », mimi nikakimbilia kitenzi kabla ya kulitazama. Alinisomea lile somo lake lote, unalijua: usitazame kitenzi, tafuta kwanza saa ya sentensi. Kila siku, jana, tangu, kesho, hizo ndizo saa. Kitenzi kinafuata saa kama mtumwa wake. Mtu wa umri wangu, ninayekula kwa lugha, nikakatwa alama kwa simu.

Nitakuambia ukweli, yaya. Picha zako zikifika nazifungua kabla ya chai. Siku zisipofika naona kama sijanawa uso. Najibu, natuma, nangoja anifokee. Lakini usilitafsiri jambo hili kwa ubaya. Jina ubaoni ni jina tu. Mimi nina sentensi, wewe una Papa. Kati yetu nani amepata zaidi?

Nisalimie nyumba nzima, hadi paka.

Mdogo wako,
Jeancy


Kisangani, 17 Machi 2024

Jeancy,

Natumaini koo lako limepona. Hapa afya ipo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. « Mimi nina sentensi, wewe una Papa. » Ni mgawanyo mzuri sana kwa yule aliyegawa. Umesahau kuongeza kwamba mimi nina pia beseni, taulo, dawa za asubuhi, na ile kazi ya kumtafuta anapotoka kwenda kwenye shule ambayo amestaafu zamani.

Nitakusimulia yaliyotokea jana, kwa sababu utayasikia kwake kwa namna nyingine.

Nilibadilisha jina. Nilipokuwa nikipiga sentensi za wiki, kila palipoandikwa Jeancy niliweka Lydie, na kila palipo na « he » nikaweka « she », kwa kuwa sipendi kazi ya nusu. Zilisomeka vizuri. Lydie alikuwa amevuka mto. Lydie angalioa, nikageuza, angaliolewa. Niliwagawia mafinaliste nakala, nikakaa kwenye kiti cha nyuma kama mgeni wa heshima.

Papa alivaa miwani, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti. Akasoma wa pili kimoyomoyo.

« Nani aliandika hii? »

« Ni miye, Papa. »

« Lydie iko humu ndani. » Alininyooshea kidole bila kunitazama. « Iko humu ndani. Ondoeni. »

Kisha akapita kwenye mabenchi, akazikusanya karatasi moja baada ya nyingine, kwa mkono ule niliomfundisha upya kushika kijiko. Gracia alimwambia jirani yake: « Kumbe Madame njo Lydie, » na benchi zima likacheka. Papa akarudi ubaoni, akaandika kila kitu upya. Jeancy alikuwa amevuka mto.

Nimelifikiria neno lake tangu jana. Lydie yumo humu ndani, kama sufuria ilivyo humu ndani. Kitu kilichomo nyumbani hakitungiwi sentensi. Kinatumika tu, na mtu hukiona siku anapokikosa.

Basi nimewajibu watu wa Bafwasende. Naondoka baada ya Pasaka, nitarudi mwanzoni mwa Julai. Tantine Chantal, mdogo wake marehemu Mama, amekubali kuja kukaa na Papa. Ana subira na anapika vizuri kuliko mimi. Picha za ubao atakutumia yeye, kama ataiweza simu.

Lydie


Arusha, 24 Machi 2024

Yaya yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote, na afya yangu tuiache leo. Mwishoni mwa barua yako hukuandika « yaya ». Nimeigeuza karatasi upande wa pili kulitafuta, na barua ilikuwa ya simu.

Nisikilize. Nilidhani unajua. Nimetembea wiki nzima nikijiuliza inawezekanaje hujui, ndipo nikakumbuka kwamba wewe hukuwahi kukaa darasani kwake. Wewe ulisoma kwa masista. Mimi nilikaa mbele yake miaka yote ya sekondari, na kila mwaka, siku ya kwanza, aliwaeleza wageni kanuni ya nyumba yake: aliyemo darasani haandikwi ubaoni.

Sababu ni mvulana aliyeitwa Emile, wa familia moja ya Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya mto. Hiyo ilikuwa kabla yangu. Papa alikuwa kijana, alitaka kufundisha kitendo kinachoendelea sasa hivi, akatafuta mfano mbele ya macho yake, akaandika: « Emile is wearing his brother's shirt. » Emile amevaa shati la kaka yake. Lilikuwa kweli, na lilikuwa kubwa, mikono ilimfika kwenye vidole. Papa hakuona ubaya. Lakini darasa zima lililibeba neno lile. Walimwimbia njiani, walimwimbia mtoni, walimwimbia kanisani wakati wa sadaka, kwa Kiingereza safi kabisa. Mwezi ule ule Emile aliacha shule. Papa alikwenda mwenyewe mpaka maporomokoni kumwomba msamaha. Akamkuta juu ya miti ya kufungia mitego, maji yanapiga kelele chini, na kijana akakataa kushuka. Papa alisimama kwenye mwamba mpaka viatu vikalowa, akarudi.

Tangu siku hiyo huandika tu jina la mtu ambaye hayumo chumbani. Anasema aliyepo ana mdomo wake na ana uso wake, usimfanye mfano. Asiyekuwepo ndiye anayehitaji kuandikwa, ili awepo.

Sasa jiulize, yaya, miaka ile mimi nikiwa benchi la tatu, ubaoni palikuwa na nani.

Lydie hunywa chai bila sukari. Lydie ameshona kitufe. Lydie hajawahi kuchelewa kanisani. Vijana wa darasa walikujua kabla hawajakuona. Siku moja uliandikwa kwamba umekuwa ukiandika barua tangu adhuhuri, na Dady, niliyekuwa nakaa naye, akaniuliza kila asubuhi kwa wiki nzima: « Yaya yenu amesha maliza ile barua? Anamwandikia nani? » Nilimpiga, nikafukuzwa siku mbili, na Papa hakuniuliza sababu. Ulipopita siku ile na kikapu mbele ya shule, mtu wa nyuma alisema kwa sauti ya Papa kwamba Lydie amenunua samaki, na darasa zima likaitikia. Wewe ulidhani wanakusalimu. Ulipunga mkono.

Nilijaza mapengo yako miaka sita. Nilikuwa nafika nyumbani nakukuta umekaa na chai yako isiyo na sukari, nakuchukia mpaka saa ya kula. Nilikuwa nikisema moyoni: mimi niko mbele yake kutwa nzima, na anayemwona ni huyu.

Siandiki ili kukuzuia kwenda Bafwasende. Nenda, ukitaka. Ila usiende kwa sababu ya Jumamosi ile. Alikuwa anakulinda na kicheko cha benchi.

Mdogo wako, ambaye bado anakuita yaya,
Jeancy


Bafwasende, 12 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka msituni, nikiwa na afya, isipokuwa mgongo. Lori lilizama kwenye tope kabla ya nusu ya safari, likabaki pale na mizigo na dereva, nami nikamalizia kwa pikipiki nikiwa nimepakata kamusi. Natumaini wewe ni mzima na wajumbe wako wamejifunza kupumua.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilitaka kupima kwanza. Maelezo yako yalikuwa mazuri, nami huyaogopa maelezo mazuri yanapomfaa yule anayeyatoa. Nikasema: ikiwa kanuni ipo, nitakapokuwa mbali itafanya kazi kwangu pia. Nikaondoka.

Shule hapa ina madawati mema na wanafunzi wanaopungua baada ya saa sita, kwa sababu wavulana huenda kwenye mashimo ya dhahabu. Wanaobaki wana bidii. Siku ya kwanza nilisimama ubaoni kuwatungia sentensi, nikatazama nyuso zao, nikamkumbuka Emile, na mkono ukakataa kuandika jina la yeyote kati yao. Nikatafuta jina jingine. Nilipomaliza, niliona nimeandika kwamba Papa Timothée anakunywa chai, kwamba Papa Timothée ameweka miwani ndani ya sufuria, kwamba Papa Timothée hatatoka bila kofia. Wakacheka sana kuhusu sufuria. Mmoja akauliza: « Madame, huyu Papa Timothée njo nani? Minataka kumuona. » Nikamwambia ajaze mapengo kwanza. Nilikuwa na mafua ghafla.

Kuhusu picha, Tantine Chantal alinitumia mwanzoni kidole gumba chake, kisha dari, kisha kidole kingine. Jumanne ilifika ya ubao. Lydie yuko msituni. Lydie amekuwa akifundisha tangu Aprili. Je, Lydie amekula? Sita kati ya sita, zote zangu. Nimezisoma mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Wasichana ninaokaa nao wameniuliza kama ni barua ya mchumba.

Wewe humo, leki, mdogo wangu. Nimekutafuta mstari kwa mstari, nikakutafuta hata katika kauli ya kutendwa. Nasikitika kwa ajili yako kwa kiasi kinachostahili.

Mkuu wa shule angeniruhusu niondoke mapema, mtihani ukiisha. Nimemwambia nitakaa mpaka mwisho. Kusema kweli sina haraka. Nikiingia mlangoni, atanifuta.

Yaya yako, na safari hii nimeandika kwa herufi kubwa moyoni,
Lydie


Arusha, 16 Juni 2024

Yaya Lydie,

Salamu nyingi. Natumaini mgongo umepona na wachimba dhahabu wamerudi kwenye vitenzi. Mimi mzima, ila silali vizuri.

Tantine sasa ameiweza simu, ananitumia mimi pia. Mwanzoni nilicheka. Nikasema haya, ni zamu yake, nimekula vya kutosha. Wiki ya tatu sikucheka. Ni Lydie, Lydie, Lydie. Mimi bado niko Arusha, yaya, sijaingia chumbani kwa mtu, na kanuni haijasema kwamba asiyekuwepo ni mmoja tu. Nimekuwa tena yule wa benchi la tatu. Nilifungua picha ya juzi, nikaona jina lako, nikaizima simu nikaiweka kifudifudi, mtu mzima mwenye mvi.

Lakini si hilo ninalotaka kukuambia.

Nilijaribu kuzijaza kama kawaida, nikashindwa. Hazina saa. Hakuna « jana », hakuna « tangu », hakuna « kila siku ». Ni Lydie, pengo, na mlango. Lydie, pengo, na maji. Ukiweka wakati wowote, inakubali. Nikampigia simu kumchokoza, niseme Prof leo umesahau saa. Alinijibu kwa Kifaransa. Aliniita « vous », neno la wageni na wakubwa. Aliniuliza hali ya hewa ya Arusha kwa adabu kubwa, kama mtu anayezungumza na balozi. Halafu akaniuliza: « Et vous, monsieur, munamujua mutoto yangu Lydie? »

Nikasema namjua. Akafurahi, akanishukuru, akakata.

Tantine anasema ni uchovu wa joto. Mimi sidhani. Rudi ukamtazame. Nimeomba likizo ya Agosti.

Mdogo wako,
Jeancy


Kisangani, 21 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Jeancy,

Nakusalimu, nikitumaini usingizi umerudi. Mimi sina homa wala jeraha. Tantine Chantal ni mzima, amenenepa kidogo, na bado yuko hapa kwa kuwa nimemwomba abaki. Papa anakula, anatembea, daktari amemsifu moyo wake. Tukipimwa sote watatu leo, yeye ndiye angeshinda. Nimekaa wiki mbili bila kukuandikia, nawe hukuniuliza sababu. Nakushukuru kwa hilo.

Nilifika mchana, vumbi na tope vikiwa vimenikaukia mpaka magotini. Mlango ulikuwa wazi. Papa alikuwa amesimama mbele ya ubao, shati lake jeupe limefungwa vifungo vyote, na ubao ulikuwa umejaa jina langu kutoka juu hadi chini. Niliweka mfuko chini, nikangoja ageuke anione, achukue kile kitambaa, anifute. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, kuanzia kwenye lile lori. Nilitaka kufutwa, Jeancy. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kitambaa kile.

Aligeuka, akanitazama kwa upole, akanionyesha benchi.

« Ikala, mademoiselle. Umechelewa kidogo, lakini tuko bado kwa sentensi ya kwanza. »

Akaurudia ubao, akaandika mstari mwingine. Lydie, pengo, na mto.

« Papa, ni miye. Ni miye Lydie. »

« Lydie haiko. Aliendaka Bafwasende. » Akanisogelea, akashusha sauti kama unavyomshirikisha mgeni jambo la ndani ya nyumba. « Mutoto yangu mukubwa. Kingereza yake inapita yangu. Lakini sikumwambiaka. »

Maneno hayo nimeyangoja tangu utoto. Alipewa mwanamke mwingine aniletee.

Sikukubali mara moja, unanijua. Nilimletea kitambulisho changu. Nilimletea picha ya Mama akiwa amenibeba. Nilimwimbia wimbo wa kuvuka mto aliotuimbia Isangi. Alisikiliza yote kwa heshima, kisha chaki ikamkatikia mkononi, akamwita Tantine na kumwomba amtoe nje mtu huyu anayechukua jina la mtoto wake. Alikuwa akimtetea Lydie, Jeancy, kwa nguvu zake zote, dhidi yangu. Hapo niliacha.

Nitakueleza sasa jinsi tunavyoishi, kwa sababu ulisema unaona wivu, nami sina haki ya kukulaumu. Asubuhi namwogesha, naye ananishukuru kwa « vous ». Namfunga vifungo. Anapochukua chaki, mimi natoka. Nakwenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye kigogo karibu na pipa la maji, mpaka nisikie amemaliza. Tantine aliniuliza siku ya kwanza: « Unatoka juu ya nini? Hakufukuzi. » Nikamwambia kwamba katika nyumba hii aliyemo chumbani haandikwi. Yeye hajavunja kanuni yake hata mara moja. Haifai niivunje mimi kwa kukaa pale. Sauti ya chaki inasikika vizuri kupitia mbao. Nikiisikia najua ananifikiria, na najua ni muda gani.

Kisha nabisha hodi, naingia na kalamu, nakaa benchi la mbele. Mafinaliste wamemaliza mtihani wao, niko peke yangu. Mapengo hayana saa, kama ulivyosema. Lydie hufungua mlango, Lydie amefungua mlango, Lydie atafungua mlango: zote ananipa alama kamili. Yule aliyekukata alama kwa simu sasa anakubali kila jibu, na kila jibu analiandikia « très bien » kwa ule mwandiko uliosimama. Siku za kwanza nilichagua kwa uangalifu, kama mtu anayefanya mtihani wa kweli. Sasa naandika kile ninachotaka akisome. Jana niliandika kwamba Lydie amefika. Alikisoma, akatabasamu, akatazama mlangoni kwa muda mrefu.

Umesema unakuja Agosti. Njoo. Kamata ndege mpaka Kinshasa, kisha hii ya kwetu, usipite barabarani. Lakini ukifika nyumbani usiingie moja kwa moja, na usimwambie wewe ni nani. Nitakuwekea kiti karibu na pipa. Kaa pale pamoja nami mpaka chaki ianze. Tutasikiliza. Labda, ukikaa nje kwa muda wa kutosha, mkono wake utakukumbuka nawe utaandikwa. Na usipoandikwa, nitakugawia mapengo yangu, ninayo mengi. Kisha tutabisha hodi, tuingie, tukae benchi moja, tujaze.

Na akituuliza kama tunawafahamu watoto wake, uniachie nijibu mimi.

Yaya yako,
Lydie